Akina Mama Walipokuja Kuiombea Ndoa Yetu

Mume wangu hanywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu Kitengela ambao hadi leo wanaamini vinginevyo, na kama mmoja wao ataisoma kumbukumbu hii, ningependa tuelewane mapema.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili, upande ule wa mji ambako ukifungua dirisha asubuhi unapokea vumbi la malori kabla ya kupokea hewa. Yeye alikuwa fundi wa injini za dizeli kwenye gereji moja kando ya barabara ya Namanga. Mimi nilikuwa nauza kwenye agrovet: chakula cha kuku, dawa ya kupe, chanjo ya vifaranga. Hatukuwa na mtoto bado. Baada ya kazi nilikuwa nasoma kozi ya kutunza wazee, ambayo siku hizi karibu kila mwanamke wa rika langu anaisoma au ana dada anayeisoma, na sote tunajua si wazee wa Kitengela tunaojiandaa kuwatunza.

Kazi ilipatikana Kanada. Yeye angetengeneza matrekta na mashine za kuvunia ngano katika mji mdogo ambao hata kwenye ramani ya simu ulihitaji kutafutwa kwa subira. Mimi ningefanya kazi katika nyumba ya wazee ya mji huohuo. Siku tulipojulishwa kwamba viza zimekubaliwa nilikuwa nasonga ugali. Alinionyesha simu, nikauacha mwiko ndani ya sufuria, tukakumbatiana pale jikoni tukicheka bila sauti, maana ukuta uliotutenga na jirani ulikuwa wa tofali moja. Ugali uliungua tukaula hivyohivyo.

Tulicheka bila sauti kwa sababu kwetu safari ya ng'ambo haitangazwi. Unaiweka moyoni mpaka ndege ipae. Watu wanakuja kujua ukiwa umeshatuma picha umesimama kwenye theluji na koti linalokufika magotini. Kabla ya hapo, ukikutwa kwenye mitumba ukilinunua koti lenyewe, unasema unaenda kumtembelea shangazi Limuru. Wapo wanaoogopa jicho la watu, wapo wanaoogopa uchawi ingawa kila Jumapili wako kanisani, na wapo kama mume wangu, wanaoogopa aibu tu. Pale gerejini kwao kulikuwa na mwenzake aliyetangaza safari mapema. Alichinja mbuzi, akaaga, akagawa spana zake. Viza ikakataliwa. Ilibidi aziombe spana moja moja, na tangu wakati huo hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Kanada. Hata mke wake sasa ni Mama Kanada. Mume wangu alilala na kuamka na hadithi hiyo.

Basi tukakubaliana hakuna kumwambia mtu. Tatizo lilikuwa mama yangu.

Mama anaishi Isinya, peke yake na kuku wake wa mayai tangu baba atutoke. Dada yangu ameolewa Kinangop, kaka yuko Eldoret na ana shughuli zake, kwa hivyo mtoto wa karibu ni mimi. Nilipewa jina la mama yake, kama desturi yetu ilivyo, na ndiyo maana tangu nikiwa mchanga ananiita maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu. Alikuwa akinichapa huku akiniita mama yake, na majirani wa makabila mengine walisimama kushangaa.

Na mama ni mtu wa ushuhuda. Kanisani kwao mchungaji akiuliza nani ana neno la kumshukuru Mungu, mama huwa amesimama kabla swali halijaisha. Ameshuhudia juu ya kuku aliyepona kideri. Ameshuhudia juu ya matokeo yangu ya mtihani, ambayo kwa kweli hayakuwa ya kushuhudiwa. Nilipoolewa, alichukua maikrofoni akaliambia kanisa zima kwamba mkwe wake anatoka mbali, upande wa Kakamega, lakini ni kijana mpole, na pombe haijui hata kwa harufu. Hana nia mbaya. Furaha ikimwingia ni lazima itafute pa kutokea.

Kwa hivyo mume wangu aliniomba, kwa upole wake ule unaoudhi, nisimwambie mama mpaka wiki ya mwisho. Nilimwambia kwamba mama yangu si redio. Akasema yeye hajasema ni redio. Nikamwambia amefikiria. Tulinuniana siku nzima, nikimpa chakula bila neno, naye akikisifia chakula kana kwamba nimemuuliza. Kilichokuwa kinanichoma ni kwamba alikuwa amesema kweli. Akijua mama, Isinya nzima itajua. Lakini akija kuambiwa na mtu mwingine, ataumia mahali ambapo mimi siwezi kumponya. Sikuiogopa baridi ya Kanada hata kidogo. Niliogopa kumwambia mwanamke anayeniita mama yake kwamba naondoka.

Wakati mimi naahirisha, tukaanza kuuza vitu. Huwezi kumuuzia jirani, maana jirani atataka kujua sababu. Sofa ilienda Kajiado kwa mwalimu aliyeiona kwenye simu. Kabati lilienda Kisaju. Friji ilienda Mashuuru, kwa mwenye duka aliyetaka kuuza soda baridi. Tulihamisha Jumapili asubuhi, saa za ibada, wakati wapangaji wenzetu wote wa ploti walikuwa kanisani na aliyebaki getini ni askari peke yake, mzee wa Kimaasai ambaye hakutuuliza lolote zaidi ya kutuamkia "sopa" na kusaidia kufunga kamba kwenye pikapu. Tulijiona wajanja sana. Hatukukumbuka kwamba watu walio kanisani ndio wanaoona nani hayuko kanisani.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja mwema ambaye pia alikuwa katika kikundi cha akina mama cha kanisa letu, alikuja kuomba barafu akakuta friji haipo. Nikamwambia imeenda kwa fundi. Wiki iliyofuata akaona ukuta mtupu mahali palipokuwa na kabati. Nikasema nalo liko kwa fundi. Alinitazama, halafu nikaona macho yake yakishuka polepole shingoni kwangu na mikononi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anatafuta alama za kipigo.

Jumamosi moja alasiri walibisha hodi, akina mama watatu, jirani yangu na mwenyekiti wa kikundi wakiwa mbele. Walibeba unga, sukari na mafuta ya kupikia. Viti havikuwepo, kwa hivyo niliwakaribisha kwenye godoro lililokuwa sebuleni, wakaketi wamenyoosha miguu, na leso zao za kichwa zikiwa zimefungwa vizuri kama za siku ya arusi. Mwenyekiti alianzia mbali, kwa Adamu na Hawa. Alipofika Agano Jipya ndipo nilipoanza kuelewa. Watu wanaouza vyombo vyao kimoja kimoja, wanaokosa ibada, na mke ana macho mekundu (nilikuwa nalia kwa ajili ya mama, lakini nani angejua), watu hao nyumba yao imeingiliwa na chupa.

Ningewaambia nini? Wakati huohuo mume wangu akaingia kutoka gerejini, mikono myeusi kwa oili, akasimama mlangoni.

"Baba, sisi ni mama zako," mwenyekiti akamwambia. "Hii pombe inakupeleka wapi? Umeuza mpaka kiti ya bibi yako."

Alinitazama. Neno moja tu la kweli lingemsafisha, nami nilimwona akiligeuzageuza mdomoni. Halafu akainamisha kichwa.

"Ni kweli, akina mama," akasema. "Nitajaribu kubadilika."

Walimwombea kwa bidii, na yeye akapiga magoti kwenye sakafu tupu na mikono yake ya oili ameiweka nyuma asichafue mtu. Walipoondoka tulifunga mlango tukacheka mpaka nikaumwa na mbavu, na katikati ya kicheko nikaanza kulia. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka kadhaa nikidhani namjua, kumbe sikuwa nimeona bado ni kiasi gani anaweza kujipakaza matope ili mimi nisafiri salama. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa. Nilimwambia hivyo, akaniuliza kama sasa naweza kuacha kumnunia. Unga tuliupika. Wanawake wale hawakuwa matajiri, na kila tonge nililomeza lilikuwa na uzito wake, lakini kuurudisha kungekuwa kuwatukana.

Sasa, mwenyekiti ana mdogo wake anayeimba kwaya pamoja na mama yangu huko Isinya. Wala sihitaji kueleza zaidi. Jumatatu mama akapiga simu. Alinisalimia, akauliza habari za kazi, akaniambia bei ya chakula cha kuku imemchosha, na mwishoni akasema nikipata nafasi niende, kuna kitu anataka nione. Hakumtaja mume wangu, na mama huwa hamalizi simu bila kumsalimia mkwe. Nilijua yamemfikia.

Mume wangu akasema mwenyewe: nenda umwambie. Yeye hakuweza kuja kunisaidia kusema. Kwao mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, wala hawaketi pamoja kuzungumza mambo mazito ana kwa ana, na yeye na mama wameishi hivyo kwa heshima, wakitumiana salamu kupitia kwangu. Kwa hivyo nilienda peke yangu, siku yangu ya mapumziko.

Mama alinipokea getini. Alinishika uso kwa mikono miwili, halafu mabega, halafu akanigeuza kidogo kana kwamba ananipima nguo. Hakuuliza. Alinishika mkono, tukapita banda la kuku, tukaingia ndani hadi kwenye chumba changu cha zamani. Tangu niolewe kilikuwa stoo ya chakula cha kuku. Siku hiyo hakukuwa na gunia hata moja. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe, na chini ya chokaa bado ungeweza kunusa pumba. Pazia lilikuwa jipya, la maua. Kwenye kitanda changu kulikuwa na godoro jipya ambalo hata nailoni yake haijavuliwa. Alikuwa amepaka mwenyewe. Chokaa ilikuwa imebaki kwenye nywele zake juu ya sikio.

"Hapa hakuna mtu atakuuliza kitu, maitu," akasema. "Hata mimi sitakuuliza. Ingia tu."

Nililia nikashindwa kujizuia, na kila nilivyolia ndivyo alivyozidi kuamini. Alinikalisha kwenye godoro, nailoni ikawa inalalamika chini yetu, akanipigapiga mgongoni akisema yatapita, yeye pia ameona mengi na hakufa. Ilibidi nimshike mikono ndipo anisikilize. Nikamweleza yote: kazi, viza, sofa ya Kajiado, akina mama na unga wao.

"Kwa hivyo hajakupiga?"

"Hajanipiga."

"Na hanywi?"

"Mama, wewe mwenyewe ulishuhudia kanisani hanywi."

"Na hamjaachana."

"Hatujaachana. Tunaenda Kanada."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuona kila kitu usoni mwake. Niliona furaha ikija, furaha ya kweli, na nikaona kitu kingine kikiondoka kuipisha. Alikuwa amehuzunika kwa ajili yangu wiki nzima, na chini ya huzuni hiyo alikuwa ameanza kufurahi kidogo kwamba jioni atapika chai ya watu wawili tena. Hakunificha. Mama hajui kuficha. Aliniuliza nitafanya kazi gani huko, nikamwambia kutunza wazee.

"Wazee wao hawana watoto?"

"Wanao."

"Wako wapi sasa?"

"Wako kazini, mama. Wengine wako mbali."

Akatikisa kichwa polepole, akalipangusa godoro kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi. Kisha akasimama kwenda kuweka chai jikoni, akaniambia nimpelekee mume wangu ujumbe: ile pombe ambayo hakunywa, yeye ameshamsamehe. Tulicheka wote wawili. Nikapata nguvu ya kumwomba asimwambie mtu mpaka tupae, nikaanza kumweleza habari ya yule Kanada wa gerejini na spana zake, lakini hakuningoja nimalize.

"Kwani mimi ni redio?" akaniuliza.

Nilirudi Kitengela nikamwambia mume wangu tumekwisha. Kila simu iliyoingia juma lile nilidhani ni ya pongezi.

Jumapili ya mwisho nilienda kusali na mama. Mume wangu alikuwa amesafiri hadi Kakamega kuwaaga wazee wake, nao pia wakiwa wameapishwa wasimwambie mtu, na tulikuwa tunaondoka Jumanne. Kanisa lao ni la mabati, na jua la Isinya likishika, hewa inakuwa nzito mapema. Nilikaa naye mstari wa pili. Watu walinisalimia kwa sauti ile ya chini wanayotumia matangani, wakinishika mkono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hakuna aliyesema hongera. Nikaanza kushangaa.

Wakati wa ushuhuda ukafika. Mchungaji akauliza nani ana neno la kumshukuru Mungu, na kwa mazoea akamtazama mama kabla ya wengine. Mimi nilikuwa nimeshika ubao wa benchi. Mama alikuwa na ushuhuda ambao hakuna mtu katika kanisa lile amewahi kuwa nao, mtoto wake na mkwe wake wote wawili kwenye ndege moja, wote na kazi. Ungelinganisha na nini, kideri? Alikuwa ameshika kitambaa chake mapajani kwa mikono miwili, anakikunja na kukikunjua. Hakusimama. Mchungaji akangoja kidogo, akaita mwingine.

Ilipofika saa ya kuombea mahitaji, yule mdogo wake mwenyekiti alisimama kwenye kwaya akaomba tumkumbuke mama na binti yake kwa jaribu wanalopitia. Tukaitwa mbele. Wanawake walituzunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakaanza kuomba wote kwa pamoja. Waliombea nyumba yangu. Walimwombea mume wangu aiache chupa. Waliomba pia juu ya mwanamke fulani wa Athi River ambaye mimi sikuwa nimewahi kumsikia. Uvumi ulikuwa umemwokota njiani, kati ya Kitengela na Isinya. Nilitaka kucheka, nikainua macho kumtafuta mama ili tucheke pamoja.

Alikuwa analia. Kichwa ameinamisha, machozi yanashuka, na kila maombi yalipofika mwisho sauti yake ya amina ilikuwa juu kuliko zote. Huyu ni mwanamke aliyetembea miaka yote hiyo akiwa amejaa fahari juu ya mkwe wake, na sasa alikuwa amesimama mbele ya watu walewale akipokea pole. Baada ya ibada mmoja alimkumbatia akamwambia ashukuru angalau binti anarudi nyumbani. Mama akasema asante. Nilifikiri anaigiza, na nikajiambia anaigiza vizuri kunishinda.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kwa njia inayofuata ua wa shamba la maua. Pande zote mbili kulikuwa na ploti mpya zilizowekwa mawe ya mipaka na hazina mtu bado. Alitembea mbele kidogo, viatu vyake vya kanisani vimeshika vumbi. Sikuweza kuvumilia. Nilimwambia sasa siku zimebaki chache, asiendelee kuaibika kwa ajili yetu, kama anataka awaambie tu ukweli, mimi nitaongea na mume wangu.

Alisimama akaningoja nimfikie.

"Wacha waombe, maitu," akasema. "Hawajakosea sana. Ni kweli kuna mtu anaachwa."

Aliingiza mkono wake ndani ya mkono wangu, tukaendelea na safari polepole mpaka nyumbani.